Kubeba tairi la akiba la pili katika safari za kaskazini mwa Kenya

Tangu lami ilipokamilika kutoka Isiolo hadi Moyale, mtu anaweza kuondoka Nairobi alfajiri na kulala Marsabit bila tairi lake kugusa jiwe. Urahisi huo umewaponza wengi, kwa kuwa safari yenyewe huanza pale lami inapoachwa. Ukishika njia ya Maikona, Kalacha na North Horr kandokando ya jangwa la Chalbi, au ukipitia Kargi kwenda Loiyangalani, unaingia katika nchi ya mawe meusi ya volkano ambayo kingo zake hukata mpira kama shoka, na ambako gari jingine huenda lisipite hadi kesho yake. Mwongozo huu ni wa anayekwenda huko kwa gari la 4x4, na unahusu jambo moja tu: namna ya kuchagua, kufunga na kutunza matairi ya akiba ili siku yatakapohitajika yawe mazima na yafikike.

Gari hutoka kiwandani na tairi moja la akiba, na kwa safari za mjini hilo latosha. Nyikani hesabu hubadilika, kwa sababu ukishalifunga hilo moja, kila kilomita iliyobaki unaisafiri bila akiba yoyote, juu ya mawe yaleyale yaliyoliharibu la kwanza, na pengine ukiwa na matairi mengine matatu yenye umri uleule na uchakavu uleule. Hata hivyo, si kila pancha inayodai tairi jingine. Mwiba wa mgunga hutoboa uso wa tairi, na tundu lake huzibwa kwa dakika chache kwa kamba za mpira za kuzibia pancha na kompresa ndogo ya betri, mara nyingi bila hata kulivua gurudumu. Jiwe linalopasua ubavu ni balaa la namna nyingine, kwa kuwa ubavu hupinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, nyuzi zilizo ndani yake zikishakatika hazishikani tena, na kiraka chochote kitakachobandikwa hapo hakiaminiki kwa mwendo wa barabarani. Basi vifaa vya kuziba pancha vibebwe kwa ajili ya miiba na misumari, na tairi la akiba la pili libebwe kwa ajili ya ubavu uliopasuka. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kwa gari linalosafiri peke yake kupita Marsabit au Maralal, mimi huhesabu matairi mawili ya akiba kuwa kiwango cha chini. Magari yanayokwenda pamoja yanaweza kupunguza mzigo huo, mradi magurudumu yake yaingiliane, na jambo hili lithibitishwe kwa kufunga gurudumu la gari moja kwenye gari la pili kabla ya kuondoka, wala lisikisiwe kwa macho. Toyota Hilux na Prado nyingi zina nati sita, ilhali Land Cruiser 100 na zile za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1999 zina nati tano, kwa hiyo wasafiri wawili wenye Toyota wanaweza kugundua katikati ya Chalbi kwamba hawawezi kusaidiana kwa tairi hata moja.

Ukubwa wa tairi la akiba uwe sawasawa na wa yale yanayotembea, na hili ni muhimu zaidi kwa magari ambayo magurudumu yote manne huendeshwa wakati wote, kama Prado na Land Cruiser 100. Tairi lenye kimo tofauti hulazimisha difu ya katikati, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi mfululizo bila kupumzika, ikapata joto na kulika. Kwenye gari ambalo dereva ndiye anayeingiza nguvu ya mbele kwa hiari, tairi lisilolingana linaweza kufungwa kwa dharura, lakini gari liendeshwe kwa magurudumu mawili tu kila ardhi inaporuhusu.

Baada ya idadi na ukubwa, swali linalofuata ni kama hilo la pili liwe gurudumu kamili, yaani tairi na rimu yake, au liwe tairi tupu. Gurudumu kamili la gari la aina hii lina uzito wa kilo 30 hadi 40 hivi, na uzuri wake ni kwamba hufungwa na mtu yeyote anayejua kutumia jeki. Tairi tupu ni jepesi zaidi, karibu nusu ya uzito huo kama rimu ni ya chuma, na laweza kuwekwa mahali ambapo gurudumu kamili halifai, lakini humdai msafiri ujuzi wa kulibandua lililopasuka na kuliingiza jipya kwa mikono yake. Ningemshauri anayeanza achukue gurudumu kamili, na aliye na mazoezi achukue tairi tupu pamoja na tyubu mbili za saizi yake.

Ujuzi wenyewe si mgumu, ila una hatari zake. Tairi lisilo na tyubu hubanduliwa kwenye rimu kwa kuliweka chini ya gari na kuusukuma ukingo wake kwa jeki, kisha hung'olewa kwa vyuma viwili vya fundi pancha na maji ya sabuni. Kulirudisha ni rahisi, lakini kuufanya ukingo ukae kwenye rimu ili ushike upepo kunahitaji hewa nyingi kwa ghafla, ambayo kompresa ndogo haina. Hapo njia salama ni kuuzungushia uso wa tairi mkanda wa kukazia mzigo na kuukaza hadi kingo zitanuke na kugusa rimu, huku umeng'oa sindano ya valvu ili hewa iingie kwa wingi. Ikishindikana, tia tyubu. Wapo wanaomwaga petroli ndani ya tairi na kuiwasha ili mlipuko uusukume ukingo; usifanye hivyo, kwa maana nguvu ya mlipuko ule haipimiki, na hospitali iko mbali.

Land Cruiser nyingi za zamani, zenye matairi ya 7.50-16, hutumia rimu za vipande zenye pete ya kufungia na tyubu ndani. Rimu hizi bado zinapendwa kaskazini kwa sababu mtu mmoja anaweza kuzifungua na kuziba tyubu chini ya mti bila mashine yoyote. Lakini pete isiyokaa sawasawa hufyatuka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kuua. Toa upepo wote kabla ya kuigusa pete, safisha kutu kwenye mfereji wake, na unapojaza ilaze rimu upande wa pete ukitazama ardhini, au uizungushie mnyororo, kisha simama mbali kadiri bomba linavyoruhusu.

Mahali pa kubebea ndipo makosa mengi hufanyika. Pickup nyingi, na Land Cruiser 100, hubeba tairi la akiba chini ya chesisi, nyuma ya ekseli, likining'inia kwa mnyororo na winchi ndogo. Mahali hapa pana sifa kubwa: uzito uko chini, hauliyumbishi gari kwenye kona na hauchukui nafasi ya mizigo. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba vumbi, tope na chumvi huingia kwenye winchi hadi ikakataa kuzunguka, na dereva hulijua jambo hilo siku ya haja. Ya pili haifikiriwi sana: tairi la nyuma likiisha upepo kwenye mchanga laini, gari hukaa chini kiasi kwamba tairi la akiba haliwezi kuvutwa nje hata likishuka, hivyo inabidi uinue gari kwanza, kisha utoe tairi, kisha uinue tena. Dawa ya la kwanza ni kulishusha tairi hilo kila baada ya miezi mitatu, kuiosha winchi na kuitia mafuta. Dawa ya la pili ni kubeba ubao mpana wa kukalia jeki, na kuhakikisha chuma cha kuzungushia winchi kimo garini pamoja na vipande vyake vyote.

Mlango wa nyuma ndio makazi ya spea, yaani tairi la akiba, kwenye Prado nyingi, Land Rover Defender na Land Cruiser ndefu ya milango mitatu. Ni mahali pazuri kwa urahisi wa kufikia, na kwenye lami hapana tatizo. Kwenye makunyanzi ya changarawe, hata hivyo, kilo 35 zinazotikiswa maelfu ya mara kwa saa huzivuta bawaba na kupasua bati la mlango pale skrubu zinapoingia. Safari yangu ya kwanza kwenda Loiyangalani niliona ufa mwembamba kando ya bawaba ya juu tulipokuwa tumebakiza saa mbili za mwendo, na nililiingiza tairi ndani ya gari, nikalifunga juu ya mizigo, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Tangu hapo nakagua bawaba kila jioni kwa kuuinua mlango kidogo ukiwa wazi. Ukicheza, skrubu zikazwe, na ufa ukionekana, spea itolewe hapo usiku huohuo.

Anayetarajia kwenda mara kwa mara ni heri aachane na mlango, amwendee fundi wa kuchomelea anayeaminika, amtengenezee bampa ya nyuma iliyoshikwa na chesisi yenyewe na yenye mkono wa chuma unaofunguka kama lango kwa kila tairi. Bampa ya namna hii hubeba spea mbili bila kuugusa mwili wa gari, na fundi aelezwe mambo matatu kabla hajawasha mashine: kwamba mhimili wa mkono uzunguke kwenye beringi au bushi inayotiwa grisi, kwamba uwe na kufuli mbili za kuushika ukiwa umefungwa, na kwamba uwe na kizuizi cha kuushika ukiwa wazi, kwa sababu gari likiegeshwa mteremkoni mkono wenye gurudumu humrudia mtu kwa kishindo. Kumbuka pia kwamba mzigo uliopita nyuma ya ekseli hufanya kazi kama wenzo. Huongeza uzito wa nyuma kuliko kilo zake zenyewe na kuinyanyua pua ya gari. Mwenye spea mbili nyuma asiongeze mitungi ya mafuta na maji kwenye bampa hiyohiyo, bali aisogeze mbele, karibu na viti.

Juu ya keria ni mahali panapopendwa kuliko panavyostahili. Gurudumu likipanda juu, kitovu cha uzito hupanda nalo, na gari refu kama Land Cruiser kwenye mteremko wa mawe wa kuingia Loiyangalani huegemea kwa namna ambayo dereva anaisikia kwenye usukani. Kila gari lina kikomo cha uzito wa paa kilichoandikwa katika kitabu chake, na uzito wa keria yenyewe umo ndani ya kikomo hicho, jambo ambalo wengi husahau kulihesabu. Kwa hiyo paa nalitengea tairi tupu tu, lilazwe bapa, katikati ya ekseli mbili badala ya nyuma kabisa, na lifungwe kwa mikanda miwili inayopita kwenye tundu lake na kushika vyuma vya keria kwa pande zinazokinzana. Kamba ya manila husagika kwa mtikisiko na kulegea tairi linapobonyea kwa joto, kwa hiyo isitegemewe peke yake. Lifunike kwa turubai, maana jua la Chalbi hukausha mpira hadi ukatoa nyufa. Anayelazimika kuweka gurudumu kamili juu ahakikishe kuna watu wawili wa kulishusha, na kwamba linashushwa kwa kamba. Kilo 35 zikidondoka kutoka kimo cha paa huvunja kioo, boneti au mguu.

Ndani ya gari pako salama dhidi ya jua na wezi, na ni karibu na katikati, lakini mzigo huo ukiachwa bila kufungwa hugeuka kombora siku gari litakapogonga kitu. Tairi lililo ndani lisimamishwe nyuma ya viti au lilazwe sakafuni, na lifungwe kwa mikanda kwenye vikuku vya sakafu, si kwenye miguu ya viti wala mishikio ya plastiki. Boneti, ambako Land Rover za zamani zilibebea spea, sipapendekezi tena. Hukatisha uwezo wa dereva kuona mawe yaliyo mbele ya magurudumu yake, na kuyaona mawe hayo ndiyo kazi yake kubwa huko.

Nati zinastahili aya yao. Rimu za alumini za magari mengi ya Toyota hufungwa kwa nati zenye washa bapa, ilhali rimu za chuma huhitaji nati zenye ncha ya pia inayoingia kwenye tundu lililochongwa kwa umbo hilo. Gari linalotembea juu ya rimu za alumini na kubeba spea ya rimu ya chuma linaweza kuwa na tairi zima lisilofungika kwa usalama, kwa hiyo nati zinazofaa ziwekwe kwenye mfuko wake na mfuko ufungwe kwenye spea yenyewe. Ikiwa gari lina nati za kuzuia wezi, ufunguo wake usiachwe nyumbani. Baada ya kufunga gurudumu lolote, kaza nati tena ukishasafiri kilomita 50 hivi, kwani huwa zimejikalia na kulegea kidogo.

Umri wa spea husomwa ubavuni mwake, mwishoni mwa msururu unaoanza na herufi DOT, kwenye tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambalo halijawahi kugusa ardhi linaweza kuwa limezeeka kwa jua na kukaa, na ndiyo sababu ni busara kuziingiza spea katika mzunguko wa kubadilishana magurudumu, ili zote zichakae pamoja. Upepo wa spea uwe juu ya kiwango cha kawaida, psi 45 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kwa mfano kama tairi linaruhusu, kwa kuwa kupunguza ni kazi ya sekunde chache na kuongeza kwahitaji mashine. Iliyo chini ya chesisi ielekezwe valvu yake chini ili ipimwe bila kuishusha.

Kabla ya safari, pakia gari kama utakavyokwenda nalo, litoe nje ya uwanja wa saruji hadi kwenye udongo, na ubadilishe tairi la nyuma kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa vifaa vilivyomo garini pekee. Zoezi hili la nusu saa hufichua jeki isiyofikia kimo, spana isiyoshika nati zilizokazwa kwa mashine ya karakana, na spea iliyozikwa chini ya mizigo yote ya safari. Nyikani utaratibu ni uleule: tafuta ardhi iliyo sawa hata kwa kuendesha mita chache juu ya tairi lililokwisha, zuia magurudumu mengine kwa mawe mbele na nyuma, legeza nati kabla ya kuinua, na uweke gurudumu la akiba chini ya chesisi kando ya jeki hadi litakapohitajika, kisha ulibadilishe hapo na lililotolewa. Wenye Defender za zamani wazingatie kwamba breki yao ya mkono hushika shafti inayotoka kwenye gia, wala haishiki magurudumu yenyewe, kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likiinuliwa gari laweza kuondoka ingawa breki imevutwa. Kwao mawe ya kuzuia magurudumu na kufunga difu ya katikati ni lazima.

Matairi ya akiba hutumika mara chache zaidi kwa dereva anayepunguza upepo na mwendo. Juu ya mawe ya volkano, gari lililopakia huenda vizuri kwa psi 28 hadi 32 na mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, kwa sababu tairi lililo gumu sana hukatika usoni, na lililo laini mno hutoa ubavu nje ukakutana na jiwe. Kila unaposimama, zunguka gari na uguse kila tairi kwa kiganja. Lenye joto kuliko wenzake linapoteza upepo, na likigunduliwa mapema litazibwa, badala ya kuendeshwa hadi ubavu wake usagike wote.

Spea ikitumika, la kwanza kutafutwa katika mji unaofuata, uwe Marsabit, Loiyangalani au Maralal, ni fundi pancha, kabla ya chakula na kabla ya mafuta. Na ukishatoka Chalbi, osha sehemu ya chini ya gari kwa maji mengi siku hiyohiyo upatapo bomba, ukianza na winchi na mnyororo wa spea, kwa kuwa chumvi ya jangwa lile hula chuma kimyakimya na mnyororo uliolika huliangusha tairi barabarani bila dereva kujua.